Kibali cha redio: mtihani uletwe Butembo na Beni

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja tu baada ya uchaguzi, serkali ilikata intaneti katika nchi nzima. SMS nazo zikafuata. Mitandao ilirudi baada ya siku karibu 20. Wakaaji wa Beni na Butembo hawakuwa hata wamempigia kura rais: uchaguzi wao ulisogezwa hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Lakini giza la mitandao liliwapata kama wengine, wakati ugonjwa bado unaua watu na kila familia inahitaji kujua habari za ndugu zake.

Wazee wetu watacheka. Kabla ya simu za mkononi, wafanyabiashara wa Butembo na mapadiri wa misheni walikuwa wanaongea kwa foni, na foni haikungoja kampuni yoyote ya simu. Sayansi ile haijafa. Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita zaidi ya 50, na vilima vinazuia toki-woki ndogo. Lakini redio ya megahezi 7 hutupa sauti juu angani, nayo inarudi chini upande wa pili wa mlima. Inatosha waya wa metre 20 ufungwe kati ya mikaratusi miwili, na batri ya pikipiki kwa redio ya wati 10. Mikaratusi tunayo ya kutosha.

Kinachotupungukia ni kibali cha mwanzo. Sisemi lisansi ya université, ndugu msomaji. Ni ruhusa ndogo ya mtu anayeanza redio ya kujifunza, isiyo ya biashara. Uingereza anayeanza anajibu maswali 26, akipata 19 amepita, na anaruhusiwa wati 25. Marekani ni maswali 35, lazima apate 26, na tangu 2007 hakuna anayelazimishwa kujua Morse. Maswali yenyewe ni ya umeme kidogo, antene, usalama, na namna ya kuongea hewani bila kusumbua ndege wala jeshi. Kijana wa humaniteze ya ufundi anayaweza.

Tatizo kubwa tunalijua wote. Kwetu mtu akionekana na antene, jirani anauliza: huyu anaongea na nani? Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, ADF wanaua watu katika vijiji vya Beni, na woga huo una sababu. Kwa hiyo simwambii kijana yeyote anunue redio leo na kuiwasha bila ruhusa. Atajiingiza matatani, na familia yake pamoja naye.

Ila woga huohuo ndio unanifanya niombe kibali. Mpelelezi haendi kuandikisha jina lake. Mwenye kibali anajulikana jina, nyumba na redio yake. Anapewa alama ya kujitaja kila anapoongea, na kwa Kongo alama hizo huanza na 9Q. Kanuni za kimataifa zinamkataza kuongea kwa mafumbo na wenzake wa nchi nyingine, na yeyote mwenye redio anaweza kumsikiliza, hata askari. Kanuni hizohizo zinazihimiza serkali ziwape watu hao nafasi ya kujitayarisha kusaidia wakati wa maafa. Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman vya India, Bharathi Prasad, mama mwenye kibali aliyekuwa Port Blair kwa shughuli za redio, alitumia redio yake kupeleka kwa familia za bara habari za ndugu zao.

Masafa ya redio yako mikononi mwa ARPTC, ambayo makao yake ni Kinshasa. Kutoka Butembo kwenda kule ni ndege, na nauli hiyo inapita bei ya redio yenyewe. Ndiyo maana mtihani uje huku, mara moja au mbili kwa mwaka, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, maana Katiba inakitaja Kiswahili kati ya lugha za taifa. Université Catholique du Graben ina vyumba. Mafundi wa redio zetu za mitaa wanaweza kufundisha, na wengi wao wanafahamu antene kuliko watakaoandika maswali.

Na kuna nafasi ambayo zamani hatukuwa nayo. Tangu M23 waingie Goma Januari 2025, ofisi ya gavana inafanyia kazi Beni. Mashirika ya raia yanaweza kupeleka barua kwa mguu. Iombe vitu vitatu tu: siku ya mtihani, orodha ya wenye vibali ikae kwa mamlaka, na masafa machache ya kuanzia yenye wati ndogo. Jeshi likitaka askari mmoja akae darasani asikilize, akaribishwe.