Ukingo wa Paa

Matangazo ya madalali wa nyumba huku pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba hadi Kinyerezi, yanafanana kama litania. Vyumba vitatu, kimoja masta. Ukuta na geti. Maji ya bomba yapo. Shule, soko na zahanati ni jirani, dakika tano kwa bodaboda hadi lami. Sina neno baya juu yake. Baba aliyepanga chumba miaka kumi na tano ana haki ya kutamani sebule yake mwenyewe.

Karibuni niliitwa kubariki nyumba ya namna hiyo. Nikanyunyiza maji ya baraka sebuleni, vyumbani, hata stoo. Mama mwenye nyumba akanionyesha ukuta mpya, nami nikausifu.

Siku chache baadaye niliitwa tena mtaa huohuo, usiku, kumpaka mafuta mzee wa nyumba ya nyuma. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama barabarani, taa zinawaka, haliwezi kuingia. Njia iliyokuwa ikipitisha magari imebaki uchochoro, kwa kuwa kila aliyejenga alisogeza ukuta wake kidogo tu. Vijana wa jumuiya walimbeba mzee kwenye shuka. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Sisemi kwamba angepona. Hilo hata daktari hawezi kulisema. Lakini jeneza nalo lilipita hapohapo, limeinuliwa juu ya vichwa, na ukuta niliousifu ulikuwa mmoja wa zile kuta.

Nyumba za Israeli zilikuwa na paa bapa. Rahabu alianika huko mabua ya kitani (Yos 2:6), na Petro alipanda huko kusali (Mdo 10:9). Basi Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka ajengaye nyumba mpya aizungushie paa ukingo, ili mtu akianguka, damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Sheria haikuuliza idadi ya vyumba. Iliuliza nani anaweza kuumia kwa sababu ya nyumba yako.

Huku kwetu hatulali juu ya paa, ila kuumizana kupo. Maji ya mvua ya bati langu yanaingia jikoni kwa jirani. Na wale wanaofungulia chemba ya choo mvua ikinyesha usiku, kisha Jumapili wanapanga foleni ya Komunyo, waje tuzungumze. Kipindupindu hakiulizi dhehebu. Tunazihesabu shule na zahanati kuwa sifa za mtaa. Njia ya kufika kwenye zahanati tumeifanya kiwanja.

Nimesema hivi nikiwa na deni. Baada ya mazishi nilichukua futi kamba nikapima ukuta wa nyumba yetu ya mapadre. Bikoni ya mpaka nimeikuta ndani ya ua, hatua mbili kutoka ukutani. Waliojenga walinitangulia, lakini anayelala humo ni mimi. Halmashauri ya walei ilibishana sana kuhusu gharama, mwishowe ikakubali.

Wenye nyumba ile niliwaeleza haya kabla sijaandika. Hawajanijibu bado. Fundi wetu anaanza kubomoa Jumanne.