Vumbi Juu ya Chumvi ya Wenyewe

Nianze kwa kukiri kosa, kwa sababu ninachokusudia kukishutumu hapa nilikitenda mwenyewe, tena nikakilipia.

Julai iliyopita nilikuwa Malta kwa kongamano la wanataaluma. Siku ya mapumziko tulipangiwa matembezi katika kisiwa jirani cha Gozo, ambacho wenyewe hukiita Għawdex: safari ya kuongozwa, sehemu kwa pikipiki za magurudumu manne na sehemu kwa miguu. Tulivuka kwa kivuko kutoka Ċirkewwa hadi bandari ya Mġarr, mwendo wa dakika 25 hivi, tukapewa kofia ngumu, tukasaini fomu, tukawasha injini. Baada ya muda mfupi watu kumi na wanne, wawili wawili juu ya pikipiki saba, tulikuwa tukipita kwa msururu kando ya majaruba ya chumvi ya Xwejni, kaskazini mwa kisiwa, pale ambapo lami huisha na njia ya udongo mweupe huanza. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameinama akifagia chumvi. Alitusikia kabla ya kutuona. Alitupa ufagio, akanyakua turubai, akakimbia kulifunika lundo lake. Hakuwahi. Mimi nilikuwa katika pikipiki ya nne. Vumbi la kwanza lililomfikia lilikuwa la watatu walionitangulia, na langu likafuata.

Majaruba yale yamechongwa katika mwamba wa chokaa ulio kando ya bahari, mamia ya visanduku vya mraba visivyozidi kina cha kiganja. Maji ya bahari humwagwa humo, jua la kiangazi huyakausha kwa takriban wiki moja, kisha chumvi hufagiwa kwa mkono, hurundikwa, hufunikwa na kutiwa mifukoni. Mvua moja isiyotarajiwa huharibu kazi ya wiki nzima. Ni kazi ya ukoo. Mtoto huirithi kwa mzazi pamoja na ufagio. Chumvi hiyo haioshwi baada ya kuvunwa, na vumbi likishaiingia limeingia.

Sasa tuulize swali ambalo mtu yeyote aliyesoma uchumi wa mwaka wa kwanza angepaswa kuliuliza: kampuni iliyonipeleka pale iliniuzia nini hasa? Inamiliki pikipiki, gereji na ukurasa wenye picha nzuri. Haimiliki njia ya Xwejni. Haimiliki majabali ya Ta' Ċenċ, wala ufuo wa mchanga mwekundu wa Ramla l-Ħamra, wala mahekalu ya Ġgantija yaliyojengwa kabla ya piramidi za Misri. Haimiliki hata ule ukimya ambao tangazo lake liliusifu kwa maneno matamu na ambao injini zake ziliuua dakika ya kwanza. Nilichouziwa ni ruhusa ya kutumia mali ya wengine kwa kasi, na aliyeniuzia ruhusa hiyo hakuwa na mamlaka ya kuitoa.

Nirudi kwenye ile fomu. Ilikuwa na kurasa mbili. Nilikiri kwamba nikianguka, nikivunjika mguu au nikimgonga mwenzangu, kampuni haitawajibika. Mwanasheria aliyeiandika alifikiria kila mtu anayeweza kudhurika akiwa juu ya pikipiki. Aliye chini, mwenye ufagio, hakumo. Hakuna aliyempelekea fomu aikubali au aikatae hatari hiyo. Nimefundisha nadharia ya mkataba wa kijamii kwa miaka mingi, na sijawahi kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa mkataba baina ya watu wawili ambao gharama yake inabebwa na mtu wa tatu.

Gozo ni kisiwa cha kilomita za mraba 67 tu. Nchi nzima ya Malta ni kilomita za mraba 316, ina wakazi zaidi kidogo ya nusu milioni, na mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya milioni 3.5. Mahali finyu kiasi hicho hapana pembe ambayo si ya mtu, au ya ndege, au ya marehemu. Ukiwasha injini upande mmoja wa bonde, aliye upande wa pili amekwisha kukusikia.

Na bado naitetea nusu ya pili ya safari ile.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Gozo, mzaliwa wa kijiji kimojawapo cha magharibi. Katika saa nne za kuendesha alitueleza mambo manne: kata kulia, kata kushoto, punguza mwendo, msipige picha mkiendesha. Hakuwa mjinga; nani angemsikia? Kisha tukazima injini karibu na Wied il-Għasri, bonde jembamba linaloishia katika mkono wa bahari uliobanwa na kuta za mwamba, tukatembea dakika 40. Hapo ndipo kisiwa kilipoanza kusema. Alichuma jani, akalisugua kiganjani, akaninusisha: zaatari, ambayo wao huiita sagħtar. Alitwonyesha tabaka za miamba, chokaa ngumu juu, udongo wa buluu chini yake, na akaeleza kwamba udongo huo haupitishi maji, kwa hiyo mvua inayopenya chokaa ya juu hukaa hapo na kutoka kama chemchemi. Ndiyo maana mashamba ya kisiwa kikavu hivi yaliwezekana. Alisimulia habari ya mwaka 1551, meli za Waosmani zilipokizingira kisiwa na kuwachukua utumwani karibu wakazi wote, watu wapatao 5,000. Alisimulia ameketi juu ya ukuta wa mawe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia msiba wa nyumbani kwao.

Tulipokuwa tukirejea alihesabu kofia zetu kwa lugha yake. Nikasikia: ħamsa, sitta, sebgħa. Nilisimama. Nikamwambia kwamba sisi nasi tunasema sita na saba, na kwamba tisa yetu na disgħa yao ni ndugu, na baħar yao ni bahari yetu. Kimalta ni tawi la Kiarabu, na sisi watu wa pwani tuliyapokea maneno hayo kwa njia nyingine, kwa upepo mwingine. Kijana alicheka, akaniuliza maneno mengine zaidi. Tulifika kwenye ktieb na kitabu, kisha mtu akawasha injini na mazungumzo yakakoma.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na haihitaji mapambo. Yenye thamani katika safari ile yalitokea katika dakika 40 za miguu. Hayakumgharimu mwenye chumvi chochote na yangeweza kuuzwa, kwa bei ya haki, na mwenyeji anayejua anachokisema. Saa nne zilizobaki zilikuwa bidhaa ya injini; zingeweza kuuzwa kwenye uwanja wowote uliozungushiwa uzio.

Nitajibiwa kwamba sheria inaruhusu. Tuitazame basi hiyo sheria. Mwaka 2016 Malta ilitunga sheria ya mali ya umma inayotamka kwamba pwani na ukanda wa mita 15 kutoka baharini ni vya wananchi wote, na mbele yao serikali ni mtunzaji. Ni sheria nzuri. Ningependa wanafunzi wangu waisome. Lakini tembea Gozo kwa miguu uone. Mwindaji wa ndege amepaka rangi juu ya jiwe herufi RTO, yaani njia hii ni yake. Mkulima ameziba pengo la ukuta. Hoteli imetandaza viti. Na pale ambapo hakuna aliyeziba, msururu wa pikipiki unapita, na mtembeaji anajibana ukutani hadi upite. Njia inaweza kufungwa bila mlango wala kufuli: inatosha kuifanya isivumilike kwa yeyote asiye na injini.

Wananchi hawakunyamaza, na hili nalisema hasa kwa wanaharakati wanaonisoma. Mei 2022 wanachama wa kundi liitwalo Moviment Graffitti walifika alfajiri katika Blue Lagoon ya Comino, kisiwa kidogo kilicho kati ya Malta na Gozo, wakaviondoa vitanda na miavuli iliyokuwa imeuteka ufuo kabla ya mwogeleaji wa kwanza kufika. Walishutumiwa kuwa wanaharibu biashara. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2025, serikali ileile iliyokuwa ikisema haiwezekani iliweka utaratibu wa kujiandikisha na kikomo cha watu 4,000 kwa wakati mmoja. Kikomo hicho bado ni kikubwa mno kwa kiufuo kile, kwa maoni yangu; lakini kabla yake hakukuwa na kikomo chochote, na hakikuletwa na semina.

Kwa watumishi wa umma nina mfano mwingine, wa kisiwa kingine cha bahari hiyohiyo. Menorca, upande wa Hispania, ina njia ya kale inayokizunguka kisiwa chote, Camí de Cavalls, urefu wa kilomita 185, iliyotumiwa zamani na walinzi wa pwani waliopanda farasi. Katika karne ya 20 wenye mashamba waliifunga kipande kwa kipande. Wananchi walidai, wakatembea, wakadai tena, na mwaka 2000 bunge la visiwa vya Balearic likapitisha sheria mahususi kwa ajili ya njia hiyo moja, ikitambua haki ya umma kupita. Ilifunguliwa yote mwaka 2010. Anaruhusiwa mwenye miguu, mwenye farasi na mwenye baiskeli. Mwenye injini haruhusiwi. Na watalii hawakuikimbia Menorca kwa sababu hiyo; wengi huenda ili waitembee njia hiyo, wakilala vijijini na kula vijijini, siku baada ya siku.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ajira, na sitaki kulipuuza kwa dharau ya mwalimu mwenye mshahara wa mwezi. Vijana wengi wa Gozo huvuka kwenda Malta kutafuta kazi. Kijana aliyetuongoza analipwa kwa saa, na pikipiki zile ndizo zinazomlipa. Nilimuuliza kama angeongoza matembezi ya miguu tu. Alijibu kwamba angependa, ila mgeni halipi fedha nyingi kwa kutembea. Ni kweli leo. Lakini ni kweli kwa sababu mwenye pikipiki halipii njia anayoila, vumbi analolirusha wala kelele anayoimwaga bondeni. Mtoze gharama hizo, kisha tulinganishe bei. Biashara inayoonekana ina faida kwa kuwa mama wa Xwejni anailipia sehemu ya gharama zake si hoja ya kiuchumi. Ni ruzuku, na aliyeitoa hakuombwa.

Msidhani nimesafiri hadi Mediterania ili kutafuta madhambi ya Wazungu. Safari hizi zinauzwa Unguja pia. Tofauti ni kwamba kwetu tangazo halijifichi: kijiji chenyewe ndicho kivutio. Mgeni huahidiwa kupita katikati ya makazi ya watu, kuona watoto, kuona wanawake wakiwa kazini, kisha arudi hotelini ameloa jasho na vumbi kama aliyerudi vitani. Mwani wa mama wa pwani ya mashariki nao huanikwa chini, kama ile chumvi. Naomba ofisa anayesaini leseni ya biashara hizi anijibu mambo machache tu. Je, ramani ya njia imeambatishwa kwenye maombi? Sheha aliulizwa, na kama aliulizwa, aliitisha mkutano au alijibu peke yake barazani kwake? Kuna idadi ya juu ya pikipiki kwa siku? Ada inayotozwa, kuna senti yoyote inayorudi kukarabati njia ya kijiji? Kama majibu yote manne ni hapana, basi leseni hiyo imegawa kitu ambacho ofisi haikuwa nacho.

Siku iliyofuata kongamano lilikuwa na mada tatu ambazo sikuwa na haja nazo. Nilivuka tena peke yangu, nikapanda basi hadi Marsalforn, nikatembea hadi Xwejni. Si zaidi ya nusu saa kwa mtu asiye na haraka. Yule mama alikuwepo, safari hii amekaa kwenye kivuli cha pango dogo lililochongwa mwambani, akijaza mifuko. Nilimwambia kwamba nilikuwa mmoja wa wale wa jana na kwamba nimekuja kuomba radhi. Alinitazama kwa muda, akauliza ni wale wa asubuhi au wa alasiri. Nikasema asubuhi. Akasema wa alasiri walikuwa wengi zaidi.

Nilinunua mifuko miwili. Nilitaka abaki na chenji; alikataa, akaihesabu juu ya kiganja changu hadi senti ya mwisho, kisha akanionyesha mahali pa kukanyaga ili nisipite juu ya majaruba.