Sandoa: mufalme mumoja, majina mengi, vitabu havionekane

Mutu wa Sandoa akitafuta vitabu juu ya historia ya Walunda, neno atakaloandika kwenye kompyuta ya biblioteke ni lile analolijua: Mwant Yav, mufalme wa Musumba, kule Kapanga jirani. Vitabu vinatoka vichache. Vingine viko, lakini jina limeandikwa namna ingine.

Mujerumani Paul Pogge, kwenye kitabu chake cha 1880, aliandika Muata Jamwo. Mureno Henrique Dias de Carvalho, aliyesafiri kati ya 1884 na 1888, aliandika Muatiânvua. Waingereza wakaleta Mwata Yamvo. Wachokwe nao Wabelgiji waliwaita Tshokwe, Wareno Quioco. Kompyuta inafuata herufi tu. Haijui kama ni watu wale wale.

Juu ya ile, biblioteke kubwa zinachagua jina moja kwa kila jambo. Vitabu vyote vinapangwa chini yake, na majina mengine yanabaki sawa vibao vya njia: mwenye kuandika Muata Jamwo anatumwa kwa Mwant Yav. Library of Congress ya Marekani ilianza orodha yake ya maneno ya namna hiyo mwaka 1898. Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, kikaifanya kwa Kifaransa mwaka 1946, na kutoka pale Ufaransa ikapata yake, RAMEAU, kuanzia 1980. Ni kusema, maneno ya kupanga historia yetu yalichaguliwa mbali sana na Sandoa.

Majimbo yanaongeza shida. Katanga iliitwa Shaba mwaka 1971, ikarudi Katanga 1997, ikakatwa mara ine 2015, na Sandoa ikawa Lualaba. Ripoti ya wakati wa Shaba juu ya mipaka ya udongo wa Sandoa inaweza kuwa chini ya jina lile la Shaba. Wakati wa ugomvi wa mashamba, asiyejua ile atasema hakuna karatasi.

Orodha hizo zinabadilika watu wakidai. Wanafunzi wa Dartmouth, Marekani, walianza mwaka 2014 kukataa neno la kuwaita wahamiaji wageni haramu. Mwaka 2021 Library of Congress ilitangaza kuliacha.

Kwa masomo ya Sandoa, kaye na kalamu vinatosha kuanza. Kazi nguvu ni kuchagua: Lunda ao Ruund? Na kuingiza Wachokwe chini ya Lunda, kwenye teritware wanayokaa wote wawili, si kazi ya mutunza-vitabu peke yake. Machefu na walimu wa pande zote wanapashwa kuulizwa mbele ya jina kuandikwa.