Kabla hujamwambia muuza tairi "nipe kubwa kidogo"

Wale mliozoea kuja hapa kusoma mambo ya kompyuta mtanivumilia leo, maana nimekuja na hasira ya tairi. Lakini msiondoke, kuna hesabu ndani yake, na kuna kosa ambalo waandika programu wenzangu watalitambua mara moja.

Mzee wangu ana Premio, lile gari la familia ambalo ukitupa jiwe Nairobi utalipiga moja. Desemba 2023 tairi zilikuwa kipara, na safari ya Kakamega ilikuwa inakaribia. Fundi wake wa miaka mingi akamwambia, "Mzee, weka kubwa kidogo, gari liinuke, matuta yasikusumbue." Mzee akaweka 205/70 R15. Mimi nilikuwepo hapo dukani, simu mkononi, najibu ujumbe wa kazi. Sikusoma hata namba. Mtu anayelipwa kusoma namba!

Kwenda tulienda vizuri, gari likiwa jepesi. Kurudi tulikuwa watu watano, gunia la mahindi kwenye buti, mikungu miwili ya ndizi na kuku. Kufika karibu na Mau Summit, kila tuta nyuma kunatoa sauti kama mtu anapasua turubai. Mama alikuwa amekaa juu ya gurudumu lile. Akasema, "Baba Wekesa, hiyo si barabara, hiyo ni gari." Mzee akaongeza sauti ya redio. Ilipoingia harufu ya mpira ndipo akakubali kusimama. Bega la tairi lilikuwa limelika kwa kusugua madigadi ndani, nyuzi zinaanza kuchungulia. Hapo ndipo mama alikuwa amekaa juu yake, kwa kasi ya 80.

Tukatoa spea, ambayo ilikuwa bado ya saizi ya zamani. Tulipoisimamisha kando ya mwenzake ilikuwa fupi kwa zaidi ya sentimita 3. Nilisimama hapo kwenye baridi nikiona aibu.

Sasa tusome hizo namba. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa gari hilo kinasema 195/65 R15. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 si milimita, ni asilimia: urefu wa ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya huo upana. R ni radial, jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Milimita, asilimia na inchi katika mstari mmoja! Kama mwanafunzi angeniletea data ya namna hii ningemrudishia. Kuchanganya vipimo kulishapoteza chombo cha NASA cha kwenda Mars mwaka 1999, na sisi tunauziwa mchanganyiko huo huo barabarani kila siku.

Hesabu yenyewe ni rahisi, fanya kwenye simu:

kipenyo = (upana x asilimia x 2) + (rimu x 25.4)

Kwa 195/65 R15 unapata milimita 634.5. Kwa ile ya fundi, 205/70 R15, unapata 668. Imezidi kwa asilimia 5.3. Kawaida inayofuatwa na wengi ni kutovuka asilimia 3, na mimi kwa gari la kubeba wazazi wangu sitaki hata 2.

Hebu ona kilichopatikana kwa shida yote hiyo. Gari huinuka kwa nusu ya tofauti ya kipenyo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Yaani milimita 17. Unene wa kidole. Na hiyo milimita 17 ya juu ndiyo iliyoenda kusugua madigadi gari lilipobeba mzigo.

Halafu kuna spidomita. Gari halijui linaenda kasi gani. Linahesabu mizunguko ya gurudumu au ya gia, kisha linazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani kulingana na saizi ya tairi. Kwetu sisi hiyo ni namba iliyogandishwa ndani ya kodi, na fundi ameibadilisha dunia bila kuibadilisha kodi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inataka mshale usionyeshe kasi ndogo kuliko ile halisi, ndiyo maana viwanda huacha nafasi na mshale huzidisha kidogo. Tairi kubwa hula nafasi hiyo. Kama zamani mshale ukisema 100 ulikuwa unaenda 96, sasa unaenda 101, na hakuna taa itakayowaka kukuambia.

Kuna namba nyingine ambayo karibu kila mtu anairuka, ile ya mwisho, kwa mfano 91H. 91 ni uzito: kilo 615 kwa kila tairi. H ni kasi ya juu, kilomita 210 kwa saa, ambayo hatuihitaji. Uzito tunauhitaji sana. Ukipewa tairi ya 88 kwa sababu ni ya bei nafuu, kila moja inabeba kilo 560. Kwa tairi nne umepoteza kilo 220, ambao ni uzito wa watu watatu wazima. Kwa ile safari yetu hapo ni mimi, mama na shangazi.

Vijana wenzangu nao wasinicheke. Hesabu yangu inakubali 215/45 R17 kwenye gari hilo hilo: kipenyo ni 625.3, tofauti haifiki hata asilimia 2. Lakini ukuta umeshuka kutoka milimita 127 hadi 97, na kwa mashimo yetu ukuta ndio mto wa rimu. Programu inaweza kupita majaribio yote na bado ikawa programu mbaya.

Msinielewe vibaya kuhusu fundi. Alikuwa anajibu shida ya kweli, gari lilikuwa linagusa chini kwenye matuta yasiyo na alama wala rangi. Lakini hiyo ni kazi ya springi na shoku absoba, na za gari la Mzee zilikuwa zimechoka. Tairi ilitwishwa kazi isiyo yake.

Kosa kubwa zaidi ni lile la kuangalia tairi iliyovaliwa na kusema "nipe kama hii". Gari limepitia mikononi mwa watu wangapi? Hiyo ni kunakili kodi ya mtu usiyemjua. Kibandiko ndicho chenye ukweli. Kwenye magari haya ya kutoka Japani kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile tunazozijua. Presha iko kwa kPa: ukiona 220, mwambie kijana wa petroli akuwekee 32.

Januari tulinunua nne mpya, 195/65 R15 91H, na springi za nyuma. Nilisoma kila ukuta kwa tochi ya simu, pamoja na zile tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, muuzaji akiniita "injinia" kwa dharau. Mama hajasikia sauti tena. Mzee bado anasema gari limekuwa fupi.