Raketi peke yake haikumfikisha Noah Paris

Watoto ninaowafundisha tenisi wakiniomba hadithi, huwapa ya Yannick Noah. Mwaka 1971 Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyekwisha kutwaa ubingwa wa US Open na wa Australia, alifika Yaoundé, Kamerun, akapiga mpira na kijana wa miaka 11. Akavutiwa naye, akampa raketi yake. Miaka 12 baadaye kijana yule akawa bingwa wa Roland Garros, mashindano ya wazi ya Ufaransa yanayochezwa Paris.

Siku hizi naisimulia tofauti, kwa sababu naona inatudhuru. Tumeing'ang'ania raketi, yaliyofuata tumeyaacha.

Ashe alimpasha habari Philippe Chatrier, mmoja wa vigogo wa tenisi Ufaransa, na mtoto akapelekwa Nice, kusoma na kufanya mazoezi chini ya makocha, mbali na mama yake. Na hata kabla ya hapo, Noah alikuwa na kitu nyumbani. Baba yake, Zacharie, alikuwa mwanasoka, mshindi wa Kombe la Ufaransa mwaka 1961 akiwa na Sedan. Nyumba ile ilijua michezo inadai nini.

Ndiyo maana fainali ya Juni 1983 ilikuwa vile ilivyokuwa. Mats Wilander, bingwa mtetezi, alikuwa mtu wa kukaa nyuma ya mstari na kurudisha kila mpira mpaka uchoke mwenyewe. Noah hakumpa nafasi ya kuzoea. Anaanzisha mpira, anakimbilia wavuni, anamaliza. 6-2, 7-5, 7-6, kwa raketi ya mbao. Zacharie akaruka kutoka jukwaani akamkumbatia mwanawe uwanjani. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume Mfaransa aliyetwaa taji la Grand Slam la mchezaji mmoja mmoja.

Raketi ya mbao naijua. Nilianza kama mwokota mipira hapa Dar es Salaam, na mzee aliyekuwa akitunza viwanja alinigawia yake kuukuu, pamoja na kibanio cha mbao chenye skrubu nne. Alinifundisha kukaza skrubu pembe kwa pembe, kidogo kidogo, kila jioni. "Mwanangu, ukiilaza bila kibanio, unyevu wa pwani utaipinda," aliniambia. Kunipa raketi kulimchukua dakika moja. Kunifundisha kuitunza na kuitumia kulimchukua miaka sita.

Hiyo miaka sita ndiyo ninayoidai. Wakati fulani tuliletewa raketi 30 na wageni wenye nia njema. Picha zikapigwa, wakaondoka. Baada ya miezi minne, raketi 19 zilikuwa zimekatika kamba, na mashine ya kufungia kamba hatuna. Mipira nayo iliisha manyoya na upepo. Ukiidondosha hainyanyuki hata kufika gotini, na mtoto anayejifunzia mpira huo anazoea kuinama, akikutana na mpira mpya unampita begani. Mwenye fedha akiniuliza alete nini, najibu: nauli za watoto, mshahara wa kocha, na mashine moja ya kamba. Raketi zije mwisho.

Klabu nazo zinaweza kutoa kisichozigharimu. Saa nane hadi saa kumi alasiri, jua likiwa kali, viwanja vyake vingi huwa vitupu, wanachama wako kazini. Watoto wa mtaani hawaogopi jua lile, wanacheza nalo kila siku. Wafunguliwe geti.

Nilikuwa nikimfundisha binti wa darasa la saba, anatumia mkono wa kushoto. Mpira wake wa kuanzisha ulikuwa ukitoka nje ya uwanja kwa pembe ambayo sikuwahi kumfundisha. Nyumbani kwao hadi kwetu ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Alipomaliza shule ya msingi akaacha kuja, na mimi, nasema kwa uchungu, sikumfuata.

Wiki iliyopita nilimkuta dukani kwa shangazi yake, anapima sukari. "Shikamoo, kocha," akasema, kisha akaniuliza kama Jumamosi bado tunacheza. Nimemwambia aje. Nauli nitatoa mimi hadi mwisho wa mwezi huu, na mwezi ujao natafuta wa kunisaidia.