Shahidi Wao Anawakana

Hoja za wahubiri wa fursa mmezisikia: redioni asubuhi, ukumbini kwa kiingilio, kwenye video zinazozunguka WhatsApp. Nimewasikiliza kwa makini kuliko wanavyojisikiliza wenyewe. Kaeni mahali pa mahakimu, tuzikague.

Hoja mama ni kwamba fursa ya kubadilisha maisha huja mara moja tu. Shahidi wao kipenzi ni Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, Tanzania, ambaye Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.74. Shahidi mzuri, ila wanamshusha kizimbani kabla hajamaliza kusema. Agosti mwaka huohuo Laizer alirudi na jiwe la tatu, la kilo zaidi ya 6, akalipwa mabilioni mengine. Isitoshe, mhubiri yuleyule aliyeapa kwamba fursa hairudi, nusu saa baadaye huwaambia wasikilizaji kuwa fursa zimewazunguka kila kona, ni macho tu wamefumba. Achague moja.

Wakibanwa hapo husema: basi la muhimu ni kwamba aliitambua. Alitambua nini? Moja ya mawe yale mawili ya Juni lilikuwa na kilo zaidi ya 9; jiwe kama hilo halihitaji jicho la tai. Kilichombeba ni vitu ambavyo havipigiwi makofi ukumbini: leseni ya kuchimba, watu wa kuwalipa, uwezo wa kugharimia shimo ambalo bado halijatoa kitu, na masoko ya madini yaliyofunguliwa mwaka 2019 ili mchimbaji mdogo auze kihalali. Wanaapolo wengi, yaani wachimbaji, wameteremka mashimo ya Mirerani kwa ujasiri uleule na wakapanda na vumbi tu. Hao nao waliishika fursa. Mbona hawaalikwi kutoa ushuhuda?

Hoja ya pili: usifikiri sana, ruka, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Inastahili kusikilizwa, kwa sababu kuna milango inayofungwa kweli. Tangazo la ajira lina tarehe ya mwisho. Lakini tuchukue mlango ambao Kenya nzima iliukimbilia. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Foleni zilikuwa ndefu, watu wakakopa benki ili wasiachwe, na maombi yakawa takriban mara tano ya hisa zilizokuwepo. Aliyeomba nyingi akapewa sehemu ndogo tu. Bei ilipanda siku za mwanzo, kisha ikaporomoka hadi chini ya shilingi 3. Mwaka 2012 bado ungeweza kuinunua hisa hiyo chini ya shilingi 5, bila foleni wala kusukumana. Mwaka 2021 ilivuka 40. Sasa pimeni: aliyewahi kwa mkopo, akauza kwa hasara ili alipe benki, na aliyekuja miaka minne baadaye na akiba yake mwenyewe, ni nani aliyefika kwa wakati?

Na kama kuruka bila kufikiri ndiyo sifa, basi tuwatunuku waliopanda mbegu DECI kule Tanzania, upatu uliofungwa na serikali mwaka 2009. Hawakusita. Waliambiwa wapande watavuna, wakapanda.

Hoja ya tatu, kwamba waliofanikiwa waliiona fursa tangu mwanzo, haihitaji muda mrefu. M-Pesa ilianza kama jaribio mwaka 2005, na lengo lake lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Wateja ndio walioanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi wakaona watu wanafanya nini, wakabadili mpango, na mwaka 2007 wakaizindua kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Walikuwa wameanza na jambo jingine, ila walikuwa karibu na wateja kiasi cha kuliona hili lilipojitokeza.

Inabaki ile inayoniudhi zaidi: aliyeikosa fursa alikuwa mwoga. Mama ntilie mwenye laki tatu, nazo ni ada ya mtoto, akikataa kuziweka kwenye biashara ambayo shemeji yake ameisifia jana, huyo hajaogopa. Amepiga hesabu. Mwenye milioni 30 akiweka laki tatu hizohizo na zikapotea, atasimulia kisa hicho kama somo alilojifunza. Wahubiri huwaweka wawili hawa kwenye mizani moja, wanapima kilichopatikana, na hawaulizi kila mmoja angepoteza nini. Nao wenyewe wakikosea, wanapoteza nini? Kiingilio hukusanywa mlangoni.