Kidonda Kisichouma Ndicho cha Kuogopwa

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huenda asihisi maumivu miguuni na makalioni. Jiko litamchoma, kiatu kitambana, sakafu itamchubua magoti, naye ataendelea kucheza. Usingoje alie. Kila jioni mvue soksi, umkague nyayo, visigino na makalio. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ajiinue kila baada ya dakika 15 hadi 30. Ukiona mahali pamekuwa peusi au pekundu, pana joto au pamekuwa pagumu, usipasugue. Asipakalie wala asipakanyagie. Pasiporudi hali ya kawaida kwa nusu saa, mpeleke kliniki. Akikua, mfundishe kujikagua kwa kioo.